Usalama Kwanza, Sulhu Baadaye: Nyumba Salama katika Mizani ya Sharia



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Somo la toleo hili nimelichagua kutokana na maswali yanayoletwa kwenye darsa zetu za jioni, hasa kutoka upande wa akina dada. Huja kwa sura nyingi. Mmoja anauliza kuhusu shangazi yake, mwingine kuhusu jirani, mwingine anasema "kuna rafiki yangu" na sote tunanyamaza. Ukiyakusanya, ni swali moja: mwanamke wa Kiislamu anayepigwa na mumewe, akichukua watoto wake akakimbilia nyumba ya hifadhi, je, amefanya dhambi? Na sisi tukimwelekeza huko, tumevunja ndoa ya watu?

Nalijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu la mkato limekwisha kuwarudisha wengi mahali pa hatari. Tunalijua sote: "Rudi nyumbani, vumilia, wazee watakaa waongee." Nitaonyesha kwamba jibu hilo halina msingi hata katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo. Katika fiqhi yetu mpangilio ni huu: mkono wa dhalimu unazuiwa kwanza, kisha ndipo wasuluhishi wanakaa. Anayeanza na kikao kabla ya usalama amegeuza mpangilio wa mafakihi juu chini.

Nyumba salama ni nini?

Nyumba salama ni makao ya muda ya watu waliokimbia ukatili majumbani mwao, mara nyingi mama na watoto wake. Haina kibao barabarani. Anayeingia hupewa kitanda, chakula, matibabu na mtu wa kumsikiliza, na husaidiwa kufika polisi na mahakamani akitaka. Hukaa siku chache, wiki au miezi, kulingana na hali yake na nafasi iliyopo, kisha huondoka kwenda kwenye maisha aliyoyachagua akiwa ametulia.

Hapa Uganda haja ya makao haya si ya kubuni. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulikuta kwamba asilimia 51 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15, na asilimia 22 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Si wote walioumizwa na waume zao, na wanaume pia wamo miongoni mwa wanaoumizwa. Lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba nyumba zinazosaliwa sala tano zimeachwa nje ya hesabu hiyo.

Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 imeutaja ukatili huo kwa upana: wa mwili, wa kingono, wa maneno na wa nafsi, na pia wa kiuchumi. Mume anayemnyima mkewe matumizi makusudi ili amtiishe, au anayemnyang'anya mshahara wake, yumo ndani ya sheria hiyo. Na yumo ndani ya makatazo ya dini yetu pia, kwa sababu nafaka (matumizi) ni haki ya mke, wala si zawadi inayotolewa akitii na kunyimwa akilalamika.

Mlangoni kwa Mtume (s.a.w.)

Tuanze na Sunna. Nimechagua visa vitatu.

Cha kwanza kimepokewa na Abu Daud kutoka kwa Iyas bin Abdillah. Mtume (s.a.w.) alikataza wanawake wasipigwe. Umar (r.a.) akaja kusema kwamba wanawake wamekuwa wajasiri kwa waume zao, ruhusa ikatolewa. Haukupita muda, wanawake wengi wakazizunguka nyumba za familia ya Mtume wakiwashitaki waume zao. Mtume akawatangazia watu habari hiyo na kusema kwamba wanaume hao si wabora miongoni mwao. Tazama mambo matatu hapa. Wanawake hao walikuwa na mahali pa kwenda. Katika riwaya hiyo hakuna aliyeulizwa, "Wewe ulimfanya nini?" Na lawama ilitolewa hadharani kwa waliopiga bila kuanika majina ya waliopigwa.

Cha pili ni cha Habiba bint Sahl, mke wa Thabit bin Qays. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Mtume alitoka kwenda sala ya asubuhi, akamkuta mwanamke amesimama mlangoni kwake gizani. Akamuuliza ni nani na ana shida gani. Habiba akaeleza kwamba hawezi tena kuishi na Thabit. Katika riwaya ya Abu Daud kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) imeongezwa kwamba Thabit alimpiga hadi akamvunja kiungo. Mtume akamwita Thabit, akaamua arudishiwe mahari na waachane, na riwaya ya Malik inasema Habiba akabaki kwa watu wake. Riwaya za mke wa Thabit zinatofautiana, na wanachuoni wamejadili kama ni mwanamke mmoja au wawili. Lakini hakuna riwaya inayosema kwamba aliamriwa kwanza arudi akavumilie. Alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na hakulaumiwa kwa kutoka.

Cha tatu ni cha Fatima bint Qays. Asili ya hukumu, kama Suratut-Talaaq aya ya 1 inavyoeleza, ni kwamba mwanamke aliyeachwa asitolewe nyumbani wala asitoke katika eda yake. Hata hivyo Mtume alimruhusu Fatima kuhama, akakaa eda kwa Ibn Umm Maktum, jamaa yake aliyekuwa kipofu. Sababu zilizotajwa ni zaidi ya moja. Aliyoieleza Bi Aisha, katika Bukhari, ni kwamba mahali alipokuwa palikuwa pa upweke akahofiwa usalama wake. Na katika Muslim, Fatima mwenyewe alisema anaogopa kuvamiwa. Basi ikiwa hofu iliweza kumtoa mwanamke katika nyumba ambayo Kurani inamtaka abaki, vipi leo hofu ya kuvunjwa mbavu isimtoe?

Mafakihi wetu wamesema nini?

Wanaomzuia mwanamke asitoke husema kwamba kutoka bila idhini ya mume ni nushuzi, na aliye nashiza hana haki ya matumizi. Ni kweli hukumu hiyo imo vitabuni. Lakini kitabu kisomwe hadi mwisho wa mstari. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia) katika Minhaj ametaja hapo hapo hali inayotoka katika hukumu hiyo: nyumba inapokaribia kuanguka. Waliomsherehesha wakaongeza nyingine, kama vile mwanamke kuihofia nafsi yake au mali yake, na kwenda kwa kadhi kudai haki yake. Mwanamke wa namna hiyo haitwi nashiza. Ukuta unaotaka kukuangukia na mume anayetaka kukuua, fakihi hawatofautishi: nafsi yako ni amana, na umeamrishwa kuilinda.

Katika mlango wa ugomvi wa mume na mke, Minhaj imepanga hatua. Mume akimuudhi mkewe bila sababu, kadhi humkataza. Akirudia, kadhi humtia adabu, yaani taazir. Kila mmoja akidai kwamba mwenzake ndiye mkosaji, kadhi huchunguza kupitia mtu mwaminifu anayewafahamu vizuri, kisha humzuia aliye dhalimu. Mzozo ukizidi kuwa mkali baada ya hayo yote, ndipo hupelekwa waamuzi wawili wa aya ya 35 ya Suratun-Nisaa, mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke.

Msomaji, irudie ile orodha. Wasuluhishi ni hatua ya mwisho. Kabla yao kuna kukataza, kuadhibu, kuchunguza na kuzuia.

Na kuna zaidi. Katika kuusherehesha mlango huo huo, Khatib Shirbini ananukuu katika Mughnil-Muhtaj kauli ya Ghazali kwamba watu hao wawili hutenganishwa mpaka uadilifu urudi. Kisha ananukuu ufafanuzi wa mwalimu wake Ghazali, Imamul-Haramayn Juwayni: kadhi akiwa na dhana tu, hatenganishi, lakini akiwa na uhakika wa ukatili wa mume, na akahofia kwamba atampiga mkewe kipigo kikali, huingia kati yao na kuwatenga mpaka aone kwamba mume atatenda haki. Hapo ndipo mahali pa nyumba salama katika fiqhi yetu. Si jambo lililoletwa na wafadhili. Ni kutekeleza hukumu ambayo maimamu wa Shafii waliiandika karne nyingi kabla hapajakuwa na shirika lolote la haki za wanawake.

Tofauti ni kwamba kadhi wa zamani alikuwa na uwezo wa kuamuru watu watengane na akatiiwa. Imamu wa msikiti wetu hana uwezo huo. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 129, imezitaja mahakama za makadhi katika mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, lakini amri ya ulinzi chini ya Sheria ya 2010 hutolewa na hakimu wa serikali. Kwa hiyo kuwatenga kulikotajwa na Juwayni, leo kunahitaji vitu viwili: karatasi ya mahakama na mlango unaofungwa kwa ndani.

Nyumba hizi zilikuwepo katika Uislamu

Anayedhani kwamba makao ya wanawake ni uzushi wa Ulaya asome historia ya Cairo. Mwanahistoria Maqrizi ameeleza habari za Ribat al-Baghdadiyya, iliyojengwa mwaka 684 Hijria (1285 Miladia) na Tadhkarbay Khatun, binti wa Sultani Baybars, kwa ajili ya mwanachuoni mwanamke, Bi Zaynab al-Baghdadiyya. Humo walikaa wanawake walioachwa au kutelekezwa na waume zao, chini ya uangalizi wa mwanamke msomi aliyewafundisha dini, mpaka waolewe tena au warudiane na waume zao. Walikaa humo kwa ajili ya kuhifadhiwa.

Hesabu miaka. Nyumba hiyo ilijengwa chini ya miaka kumi tangu Imam Nawawi kufariki. Iliasisiwa na mwanamke mwenye mali, ikaendeshwa na mwanamke mwenye elimu, na jamii ya Waislamu wa Cairo haikuiona kuwa ni nyumba ya kuvunja ndoa. Wapo waliotoka humo kwenda kwa mume mpya na wapo waliorudi kwa mume wa zamani. Kazi ya nyumba haikuwa kumchagulia mwanamke njia, ilikuwa kumweka salama mpaka njia ionekane.

Hoja tunazozisikia

Hoja ya kwanza: "Aya ya 34 ya Suratun-Nisaa imeruhusu kupiga." Wanachuoni wamelijadili neno hilo la aya kwa karne nyingi. Hata wale waliolichukua kwa dhahiri yake waliliwekea mipaka: pasiwe na jeraha, pasivunjike kitu, uso usiguswe, na kama hakuna faida haijuzu. Ata bin Abi Rabah, fakihi mkubwa wa Makka katika kizazi cha tabiina, alisema mume asimpige mkewe. Imam Shafii mwenyewe alipendelea kuacha kupiga, kwa kufuata alilolichagua Mtume (s.a.w.), ambaye Bi Aisha amesimulia kwamba hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Mwanamke anayekimbilia nyumba salama hakukimbia tafsiri ya aya. Amekimbia ngumi, mkanda, panga au maji ya moto, na hayo hayana fakihi wa kuyatetea.

Hoja ya pili: "Mambo ya nyumbani ni siri." Ndiyo, siri ya ndoa ni amana. Lakini siri hailindi dhuluma. Suratul-Mujaadala imefunguliwa kwa habari ya mwanamke aliyekuja kumlalamikia mumewe mbele ya Mtume, na Allah akaeleza kwamba ameyasikia malalamiko yake. Kama kushitaki kungekuwa kuvunja siri, malalamiko hayo yasingesomwa misikitini hadi Siku ya Kiama.

Hoja ya tatu: "Tumfikirie na kaka yetu." Tumfikirie, naam. Mtume ametufundisha kumsaidia ndugu akiwa dhalimu au mdhulumiwa, na akaeleza kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Kumtenga mume na mkewe kabla hajaua ni kumsaidia. Akiua, tutamsaidia kwa nini?

Nini hutokea baada ya hapo?

Mama akishatulia, mbele yake kuna milango mitatu. Wa kwanza ni kurudiana, na huu ndio wakati wa aya ya 35, kwa masharti yanayoandikwa na mashahidi wanaofuatilia. Wa pili ni mume kutoa talaka, au mke kujivua kwa khului. Na hapa tuwe macho: mume anayemtesa mkewe ili ajikomboe kwa mahari anafanya lililokatazwa katika aya ya 19 ya Suratun-Nisaa. Wa tatu ni kadhi kuivunja ndoa kwa sababu ya madhara. Mlango huu umepanuliwa zaidi na madhehebu ya Malik, na nchi nyingi za Kiislamu zimeuchukua kutoka huko. Misri, kwa mfano, iliuingiza katika sheria yake namba 25 ya mwaka 1929.

Kwa Uganda kuna jambo la kuongeza. Katika baadhi ya jamii zetu mahari hulipwa kwa ukoo wa mke, na ndoa ikivunjika ukoo hudaiwa uirudishe. Mwanamke akaambiwa na baba yake mwenyewe, "Rudi, ng'ombe tumeshakula." Shirika la MIFUMI, lililoanzia wilaya ya Tororo, lilipeleka shauri hilo mahakamani, na Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Sisi Waislamu tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa hukumu hiyo, maana kwetu mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe. Baba hana ng'ombe aliokula. Kama alikula, alikula mali ya bintiye.

Mtu akikujia usiku

Pengine wewe ndiwe utakayepigiwa simu. Haya ndiyo ya kushika.

Msikilize na umwamini. Usimuulize alikosa nini. Usimpigie mume ili "usikie upande wa pili". Utakuwa umemwambia mke yuko wapi.

Usimsukume atoke wala abaki. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba siku ya kutoka na wiki zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Safari ya kutoka hupangwa. Vitu vya kuweka tayari ni kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za chanjo, cheti cha nikahi, dawa, na nauli ya boda boda. Simu izimwe huduma ya kuonyesha mahali ilipo.

Kama kuna hatari ya sasa hivi, piga 999 au 112. Kwa ukatili unaowahusu watoto, namba ya bure ni 116. Vituo vya polisi vina dawati la ulinzi wa mtoto na familia. Sheria ya 2010 inamtaka askari aliyepokea malalamiko amsaidie mlalamikaji, ikiwemo kupata hifadhi na matibabu, na amweleze haki zake. Aliyejeruhiwa aombe Fomu namba 3 ya polisi, ajazwe na daktari mapema kabla majeraha hayajafifia. Mwenyekiti wa LC1 pia anaweza kupokea malalamiko, lakini amri ya ulinzi hutafutwa kwa hakimu, naye anaweza kutoa ya muda hata kabla mume hajaitwa. Kwa msaada wa wakili kuna FIDA-Uganda, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974.

Na ukiijua nyumba ilipo, funga mdomo. Usipige picha mnapopeleka futari. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp kwamba "leo tumetembelea akina mama wa mahali fulani". Picha moja ya lango inatosha kumwongoza mwenye panga.

Fedha zitoke wapi?

Hapa ndipo chama chetu kinaweza kufanya kitu, lakini kwa elimu. Wengi huuliza kama zaka inaweza kujenga nyumba salama. Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imetaja makundi manane, na mafakihi wengi, Shafii akiwemo, wanashurutisha kwamba zaka imilikishwe mwenye kustahiki. Kwa mtazamo huo zaka hainunui matofali. Lakini mama aliyetoka na kanga moja na watoto watatu kwa kawaida ni fakiri au maskini. Akiwa ameacha madeni anaweza kuwa katika wenye madeni. Akiwa mbali na kwao bila nauli, wanachuoni wameeleza hukumu ya msafiri aliyekwama. Mpe mkononi mwake, anunue chakula, alipe ada, apange chumba. Mali aliyonayo mumewe haimfanyi yeye kuwa tajiri ikiwa hawezi kuifikia.

Jengo, vitanda, godoro, uzio na mshahara wa mlinzi vitoke kwenye sadaka na wakfu. Wakfu ndiyo njia aliyoipita Tadhkarbay Khatun, na kabla yake Umar (r.a.) aliyeiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar kwa mafukara, jamaa, wasafiri na wageni. Hatuna binti wa sultani chuoni kwetu. Tuna wanafunzi wa sheria, uuguzi, ualimu, ushauri nasaha na uhasibu, na nyumba salama inawahitaji wote hao.

Msaada mmoja mdogo unaonekana hafifu lakini una uzito: kuzifanya nyumba zilizopo ziweze kumpokea Muislamu. Dada zetu wengine husita kwenda kwa kuogopa chakula, kukosa pa kusalia, au kulala chumba ambacho mlinzi wa kiume anaingia ovyo. Misala, msahafu, sufuria safi, mpango wa daku katika Ramadhani na mwalimu wa kike wa watoto ni vitu tunavyoweza kuvitoa muhula huu, kwa kupitia wasimamizi wa nyumba hizo, bila kujua ziko wapi. Tuulize pia kuhusu vijana wa kiume. Nyumba nyingi za wanawake huweka ukomo wa umri kwa watoto wa kiume, na mama mwenye kijana wa miaka kumi na tano huweza kurudi kwa mpigaji kwa sababu tu hataki kumwacha mwanawe. Familia ya Kiislamu iliyo tayari kumpokea kijana huyo kwa muda imemwokoa mama pia.

Hitimisho

Ndoa katika Kurani, Suratur-Ruum aya ya 21, imeelezwa kwa utulivu, mapenzi na huruma. Na pale yanapokosekana, Suratul-Baqara aya ya 229 hadi 231 imetoa njia mbili tu: kukaa kwa wema au kuachana kwa wema, ikakataza kumshikilia mwanamke kwa lengo la kumdhuru. Njia ya tatu, ya kukaa kwa kipigo huku watu wakihimiza subira, haimo. Anayetaka sulhu ya kweli aanze kwa kuhakikisha kwamba wanaosuluhishwa wote wawili wako hai, na kwamba wote wawili wanaweza kusema "hapana" bila kuogopa usiku utakaofuata.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Taja hatua za kadhi zinazotangulia kupelekwa waamuzi wawili. Katika mtaa wenu, nani anafanya kila hatua leo?

2. Kisa cha Fatima bint Qays kinafundisha nini kuhusu nafasi ya hofu katika hukumu za makazi ya mwanamke?

3. Chama kina shilingi za zaka na shilingi za sadaka katika visanduku viwili. Mama mmoja na watoto wawili wamehifadhiwa. Orodhesha mahitaji yao, na useme kila hitaji lilipwe kutoka kisanduku kipi, na kwa nini.

4. Kaka anayempiga mkewe ni mwanachama mwenzenu, na ni hodari katika kazi za msikiti. Mtamsaidiaje kwa maana aliyoifundisha Mtume (s.a.w.)?

Allah azihifadhi nyumba zetu, awape wepesi waliokimbia, na atujaalie kuwa miongoni mwa waliotoa hifadhi na kunusuru. Wabillahi tawfiq.